Damu Hadi Vifundoni: Chuku na Hesabu ya Wafu katika Historia za Yerusalemu ya Mwaka 1099

Utangulizi

Katika vipindi vya uhakiki tunawafundisha wanafunzi wetu kuitambua chuku katika shairi, katika majigambo na katika utenzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikutana na shujaa aliyewafyeka maadui elfu moja kwa upanga mmoja hashtuki. Anaandika pembeni "chuku" na kuendelea kusoma. Lakini mwanafunzi huyohuyo akifungua kitabu cha historia na kukuta kwamba mwaka 1099 damu ilifika kwenye hatamu za farasi, au kwamba watu 70,000 waliuawa katika msikiti mmoja, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huinakili habari hiyo kama ilivyo na kuiingiza katika insha yake, ama huguna na kusema kwamba waandishi wa kale walikuwa waongo.

Makala haya yanadai kwamba njia zote mbili ni usomaji mbaya, na kwamba mhakiki wa lugha ana kazi ya kufanya mahali hapa ambapo kwa kawaida tunamwachia mwanahistoria peke yake. Mfano tutakaoutumia ni kutekwa kwa mji wa Yerusalemu siku ya Ijumaa, tarehe 15 Julai 1099, pamoja na matukio yaliyotangulia katika msafara huohuo. Tumeuchagua kwa sababu uliandikwa kwa Kilatini, kwa Kiarabu na kwa Kiebrania. Uliandikwa na walioshinda, na walioshindwa, na waliozaliwa baada ya wote hao kufa. Ni nadra kupata umwagaji damu mmoja wa Zama za Kati uliosimuliwa kwa ndimi nyingi namna hiyo.

Jina la tukio

Tuanze na jina, kwa kuwa mwalimu wa lugha huanzia hapo. Kwa Kiswahili tunasema "Vita vya Msalaba". Walioshiriki katika msafara wa kwanza hawakuwa na jina hilo. Waandishi wao wa Kilatini waliuita safari au hija, nao wenyewe wakajiita mahujaji. Waandishi wa Kiarabu wa wakati ule hawakusema habari za msalaba katika kuwataja. Waliwaita Wafaranji tu, yaani al-Ifranj, jina walilowaita watu wa Ulaya Magharibi kwa jumla. Istilahi ya Kiarabu yenye maana ya vita vya msalaba ilienea katika karne ya 19, kwa athari ya maandishi ya Ulaya.

Hili si jambo dogo. Msomaji anayeanza na neno "vita" hutarajia majeshi mawili na uwanja wa mapambano. Anayeanza na neno "hija" hulazimika kujiuliza ilikuwaje mahujaji wakaua, na wakaandika kwamba kuua kwao kulikuwa sehemu ya ibada. Jina la kisasa linatuondolea mshangao ambao matini yenyewe yanapaswa kututia.

Mateso ndani ya hotuba

Mnamo Novemba 1095 Papa Urban II alihutubia mkutano wa viongozi wa Kanisa huko Clermont, Ufaransa, akawaita watu waende mashariki. Hatuna maandishi ya hotuba yake mwenyewe. Tulicho nacho ni matoleo kadhaa yaliyoandikwa baadaye na watu mbalimbali, baada ya Yerusalemu kutekwa, na matoleo hayo hayafanani.

Toleo la Fulcher wa Chartres, padre aliyesafiri pamoja na msafara, ni la mapema zaidi. Sehemu kubwa ya hotuba hiyo inahusu nidhamu ya Kanisa na amani baina ya Wakristo wenyewe. Waturuki wametajwa: wameua, wameteka, wameharibu makanisa. Yote hayo yamesemwa kwa maneno machache, na mji wa Yerusalemu hautajwi kabisa katika hotuba hiyo.

Sasa tulitazame toleo la Robert, mtawa wa Reims, lililoandikwa yapata muongo mmoja baada ya Fulcher kusafiri. Hapa Papa anaeleza kwa kirefu jinsi Wakristo wa mashariki wanavyoteswa: matumbo yanapasuliwa, utumbo unavutwa nje, watu wanafungwa kwenye nguzo na kulengwa kwa mishale, damu inamwagwa juu ya madhabahu. Kila tendo lina kiungo cha mwili na kila kiungo kina kitenzi chake.

Maelezo hayo yametoka wapi? Robert mwenyewe anatueleza kwamba abate wake alimwamuru kukiandika upya kitabu cha mwandishi mmoja asiyejulikana jina, ambacho leo hufahamika kama Gesta Francorum, kwa sababu Kilatini chake kilionekana duni na kwa sababu hakikuwa na habari za mkutano wa Clermont. Kwa maneno mengine, kazi aliyopewa ilikuwa ya kuboresha mtindo, na mateso yale yaliingia pamoja na uboreshaji huo. Kitabu cha Robert kilipendwa sana. Nakala za mkono zaidi ya 80 zimedumu hadi leo, kuliko historia nyingine yoyote ya msafara huo. Wasomaji wa Ulaya waliupokea ukatili wa adui kupitia mwandishi mwenye ufundi mkubwa kuliko wenzake, naye aliandika akijua tayari mwisho wa safari ulikuwa nini. Mateso yaliyotangulia yaliyahalalisha mauaji yaliyofuata, ingawa kwa upande wa uandishi mauaji ndiyo yaliyotangulia.

Kina cha damu

Baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya wiki tano, mji ulitekwa. Wakazi wengi walikimbilia Msikiti wa al-Aqsa, ambao Walatini waliuita Hekalu la Sulemani, na wengi waliuawa humo. Kuhusu hilo mapokeo ya pande zote yanakubaliana. Hayakubaliani kuhusu damu.

Mwandishi wa Gesta, aliyekuwa katika msafara, anasema damu ilifika kwenye vifundo vya miguu. Fulcher, ambaye siku hiyo hakuwapo Yerusalemu, naye anataja vifundo. Barua ambayo viongozi wa msafara walimpelekea Papa mwezi Septemba mwaka huohuo inasema damu ilifika kwenye magoti ya farasi. Raymond wa Aguilers, kasisi wa Hesabu Raymond wa Saint-Gilles, anafika mbali zaidi: wapanda farasi walipita katika damu iliyofika magotini na kwenye hatamu.

Mwanafunzi anayejua hesabu ataona haraka kwamba hakuna jengo ambalo lingeweza kujazwa damu kiasi hicho. Lakini swali la mhakiki ni jingine: kwa nini hatamu? Mbona si mabega, au mikia? Jibu limo katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 14, ambamo shinikizo la ghadhabu ya Mungu linakanyagwa nje ya mji na damu inafika kwenye hatamu za farasi. Raymond alikuwa padre. Maneno hayo aliyajua kwa moyo, na wasomaji wake waliyajua pia. Hakuwa akipima kina, bali alikuwa akiwaambia kwamba siku iliyotabiriwa ilikuwa imewadia, na kwamba waliokanyaga walikuwa mkono wa Mungu. Kwa lugha ya darasani huu ni mwingilianomatini, na chuku ni chombo chake tu.

Hapo ndipo tunapoona namna ukatili ulivyotumiwa. Mwandishi hakuuficha, wala hakuuonea haya. Aliukuza ili uonekane kuwa hukumu. Raymond anaongeza kwamba ilikuwa haki mahali pale papokee damu ya watu waliomkufuru Mungu papo hapo. Fulcher naye anautaja mji kuwa umetakaswa, kana kwamba waliokuwa wakiishi humo walikuwa maradhi. Chuku na tafsida zinakwenda pamoja: damu inazidishwa, na tendo la kuua linapewa jina la usafi. Wasomaji wa eneo letu la Maziwa Makuu hawahitaji maelezo marefu kuhusu kitenzi safi kinavyoweza kufunika mauaji. Mwaka 1994 nchini Rwanda kitenzi cha kawaida kabisa cha Kinyarwanda, gukora, yaani kufanya kazi, kilitumiwa kumaanisha kuua.

Elfu sabini

Tugeukie upande wa pili. Mtu angetarajia walioshindwa waandike habari nyingi mara moja. Ibn al-Qalanisi wa Dameski, aliyefariki mwaka 1160, ana maneno machache: watu wengi waliuawa, na Wayahudi walikusanyika katika sinagogi lao, nalo likachomwa juu yao. Abu Bakr Ibn al-Arabi, mwanachuoni wa Sevilla aliyewahi kusoma Yerusalemu miaka michache kabla ya mji kutekwa, anataja wafu 3,000 waliouawa huko al-Aqsa.

Idadi ya 70,000 inajitokeza baadaye. Tunaikuta kwa Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, na kwa Ibn al-Athir, aliyeishi kati ya mwaka 1160 na 1233. Yaani kadiri miaka ilivyopita, wafu waliongezeka. Mji wenyewe, kwa makadirio ya wanahistoria wengi, haukuwa na wakazi karibu na idadi hiyo.

Je, Ibn al-Athir alikuwa mwongo? Tumsome kwa utaratibu. Mara baada ya idadi hiyo anasema kwamba miongoni mwa waliouawa walikuwamo maimamu, wanazuoni na wachaji waliokuwa wameacha nchi zao ili waishi katika mji mtakatifu. Kisha anataja taa za fedha zilizoporwa, pamoja na uzito wake. Kisha wakimbizi wanaingia Baghdad katika mwezi wa Ramadhani wakiongozwa na kadhi al-Harawi, wanasimulia yaliyowapata, watu wanalia. Na mwisho anafika kwenye hoja yake: masultani walikuwa wakigombana wao kwa wao, na kwa sababu hiyo Wafaranji wakaitwaa nchi.

Idadi kubwa inaelekezwa hapo. Haiwashitaki Wafaranji pekee. Inawashitaki watawala wa Kiislamu ambao hawakuja. Kwa Raymond wafu wengi ni ushahidi wa baraka. Kwa Ibn al-Athir ni lawama. Maiti ni zilezile, nazo zinaamriwa kusema maneno mawili yanayopingana.

Sadaka ya Mainz

Wapo pia waathiriwa wa tatu, ambao vitabu vya shule huwataja kwa nadra. Mwaka 1096, kabla msafara haujaondoka Ulaya, makundi ya mahujaji yaliwashambulia Wayahudi wa miji ya mto Rhein: Speyer, Worms, Mainz na Köln. Historia za Kiebrania zilizoandikwa katika karne ya 12 zinaeleza kwamba Wayahudi wengi wa Mainz waliwaua watoto wao na kujiua wenyewe kuliko kubatizwa kwa nguvu. Mama mmoja, Rachel, anasimuliwa akiwa na watoto wake wanne.

Masimulizi hayo yanatisha kuliko yote tuliyoyataja. Nayo yanatumia Maandiko kwa namna ileile: kila mzazi ni Ibrahimu, kila mtoto ni Isaka, ila safari hii malaika hakuuzuia mkono. Jeremy Cohen, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu historia hizo, anatukumbusha jambo muhimu. Wengi wa walionusurika walinusurika kwa sababu walikubali kubatizwa, kisha mwaka 1097 Mfalme Henry IV akawaruhusu kurudi katika dini yao. Waliosimulia habari za wafia dini walikuwa wale ambao hawakufa, pamoja na watoto wao. Kwao ukatili ulioandikwa ulikuwa heshima kwa waliokufa, na pia mzigo wa aliyebaki hai.

Sentensi ndogo

Tukiishia hapa, tutakuwa tumesema tu kwamba kila mwandishi alikuwa na lengo lake. Hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa maana linaweza kumfanya mwanafunzi adhani kuwa yote ni maneno matupu na kwamba hakuna aliyekufa. Watu walikufa. Wako wapi katika matini?

Pendekezo letu ni kwamba tuwatafute katika sentensi ndogo, zile ambazo hazimsaidii mwandishi kuthibitisha lolote. Fulcher, baada ya vifundo vyake vya damu, anasimulia kwamba alipofika Yerusalemu wakati wa Krismasi mwaka 1099, miezi mitano baada ya mauaji, kulikuwa bado na uvundo wa maiti kuzunguka kuta za mji. Hakuna unabii wowote unaohitaji uvundo huo. Mwandishi wa Gesta anasema Waislamu waliobaki hai walilazimishwa kuburuta maiti za wenzao hadi nje ya malango na kuzirundika. Anasema pia kwamba watu waliokuwa juu ya paa la msikiti walikuwa wamepewa bendera za Tancred na Gaston wa Béarn kama alama ya kulindwa, na kwamba asubuhi yake waliuawa hata hivyo, naye Tancred akakasirika. Hiyo ni habari ya ahadi iliyovunjwa, na mwandishi hakuwa na faida yoyote ya kuitaja.

Sentensi ndogo kuliko zote zimo katika barua, si katika historia. Katika hazina ya karatasi za sinagogi moja la Fustat, Kairo ya kale, ilipatikana barua ya mwaka 1100 iliyoandikwa na wazee wa Kiyahudi wa Ashkelon, ambayo S. D. Goitein aliitambua na kuichapisha katika karne ya 20. Ndani yake hakuna hatamu wala elfu sabini. Kuna mateka waliokombolewa na mateka ambao bado hawajakombolewa. Kuna waliofia njiani kwa maradhi na shida. Kuna mtoto wa kiume wa umri wa karibu miaka minane aliyekuwa bado mikononi mwa Wafaranji. Kuna vitabu vilivyonunuliwa tena, zaidi ya 300, na deni lililobaki.

Barua hiyo nayo ina lengo: inaomba fedha kwa Wayahudi wa Misri. Tusijidanganye kwamba tumepata mwandishi asiye na haja. Lakini haja yake ni ya namna nyingine. Anayeomba fedha za kumkomboa mateka hawezi kuzidisha idadi bila kujiumbua, kwa kuwa atatakiwa kueleza zilivyotumika. Anayewasilisha wafu mbele ya Mungu au mbele ya masultani hana wa kumkagua. Katika uchunguzi wake wa mwaka 2004 kuhusu jinsi mauaji haya yalivyosimuliwa kwa karne tisa, Benjamin Kedar ameonyesha kwamba ushahidi wa aina hii, pamoja na ile idadi ya Ibn al-Arabi, haufuti mauaji. Unayapa ukubwa wa kibinadamu: mji ulichinjwa, wengine wakatekwa, wengine wakauzwa, wengine wakaponea.

Tofauti na utenzi

Mwenzetu anaweza kuuliza: mbona hatumsumbui Bwana Mwengo? Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa dhidi ya Herekali, mfalme wa Warumi wa mashariki, ilhali safari ya Tabuk ya mwaka 630 kadiri historia inavyojua ilimalizika bila mapigano. Hatumwiti mshairi huyo mwongo, na ni sawa tusimwite. Hadhira ya Pate ilijua imekuja kusikiliza utenzi. Chuku yake ilikuwa ya mapatano kati ya msanii na wasikilizaji.

Raymond na Robert waliandika wakidai kusema yaliyotokea, juu ya watu ambao maiti zao zilikuwa zikinuka bado. Chuku ya utenzi haina wa kumdhuru. Chuku ya historia inamdhuru aliyekufa mara ya pili, kwa kuwa inamfanya awe tone katika damu ya hukumu, au namba katika hesabu ya lawama. Baada ya hapo hakuna anayeuliza alikuwa nani, wala kama alikuwa ameshika bendera ya kulindwa. Na anayekanusha mauaji hupata kisingizio chepesi: akishaonyesha kwamba 70,000 haiwezekani, hujifanya ameonyesha kwamba hakuna lililotokea.

Hitimisho

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja kwa wanafunzi wa uhakiki wa mwaka wa pili na wa tatu. Wapewe muhtasari wa masimulizi matatu kuhusu tukio moja, kwa mfano haya ya mwaka 1099. Kwanza waorodheshe kila chuku na kueleza imetoka katika matini gani ya awali. Pili waorodheshe kila tafsida na kitenzi kilichofichwa nyuma yake. Tatu, na hapa ndipo alama nyingi zitolewe, watafute sentensi ambazo mwandishi angeweza kuziacha bila hoja yake kupungua, waseme zinamweleza nani.

Zoezi hili halihitaji Kilatini wala Kiarabu. Linahitaji stadi ambazo idara yetu inazifundisha kila muhula, yaani kutofautisha msimulizi na msimuliwa, kuijua hadhira, kusikia neno lililoazimwa kutoka kwingine. Katika nchi zetu watu bado wanabishana juu ya idadi za waliouawa na juu ya majina yanayostahili kupewa mauaji hayo. Mhitimu wetu atakuwa mwalimu, mtangazaji au mkalimani mahakamani. Atakapoletewa idadi kubwa, asiimeze wala asiicheke. Aulize imetamkwa na nani, mbele ya nani, kisha arudi kuwatafuta watu wenyewe. Watakaolijaribu zoezi hili katika madarasa yao tunawaomba watuletee matokeo yake ili tuyajadili katika toleo lijalo.